Shilingi milioni 8.5 au 10.7: uchambuzi wa kisa cha kuuza gari la Toyota IST Dar es Salaam

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, na muuzaji ameridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Majina, mitaa na namba ya gari nimeviondoa. Tarakimu za fedha zimesogezwa kidogo, lakini uwiano wake ni uleule. Mauzo yalipoanza sikuwepo. Niliitwa kukaa na muuzaji baada ya mteja wa kwanza, kwa hiyo sehemu ya mwanzo naieleza kama alivyonisimulia yeye na mdogo wake, na iliyofuata niliiona mwenyewe.

## Usuli

Muuzaji ni muuguzi, namwita Bi A. Gari lake ni Toyota IST ya mwaka 2005, injini ya cc 1290, namba D. Kwa asiyeishi Tanzania, herufi ya kwanza inayofuata tarakimu kwenye kibao cha namba huonyesha gari lilisajiliwa nchini kipindi gani: D ni ya baadaye kuliko C, na E ni ya baadaye kuliko D. Magari mawili yaliyotoka kiwandani mwaka mmoja hupishana bei sana kwa herufi hiyo tu, kwa sababu mnunuzi huhesabu limetembea barabara zetu kwa muda gani.

IST ni gari linalouzika. Spea zake zipo kila kona, mafuta linakula kidogo, na hakuna gereji ya mtaani isiyolijua. Hili lina uzito katika kisa hiki, maana mwenye gari la namna hii hana sababu ya kuamini kwamba mteja akiondoka hatakuja mwingine.

Bi A. alikuwa na sababu ya kuuza. Alikuwa akilipia kiwanja kwa awamu, na awamu ya mwisho ilitakiwa mwisho wa mwezi. Alihitaji shilingi milioni 8.5. Tarakimu hiyo iliendesha nusu ya kwanza ya kisa chote, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na gari.

## Bei ya kwanza ilivyopatikana

Bi A. aliuliza watu wawili watatu kazini, akaangalia matangazo ya Instagram, akachanganyikiwa: yadi moja IST namba D milioni 12.5, mtu binafsi 11, mwingine 9.8 “bei ya maongezi”. Akaamua kumtafuta dalali anayefahamika mtaani.

Dalali alilizunguka gari, akafungua boneti, akauliza kwa upole, “Mama, unauza kwa nini? Gari zuri hivi!” Bi A. akamweleza kila kitu: kiwanja, mwisho wa mwezi, milioni 8.5. Kisha wakapatana kwa utaratibu wa cha juu: “Mimi nipatie tisa mkononi. Kinachozidi ni chako.”

Dalali akalitangaza kwa milioni 11.8.

## Mteja wa kwanza

Alikuja mfanyabiashara na fundi wake. Fundi aliinama chini ya gari, akaliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, akaanza kutaja: shokapu za mbele zinagonga, taa ya injini inawaka, tairi mbili za nyuma zimeisha, ubavu wa kushoto umepigwa rangi, kiyoyozi hakipoozi vizuri. Kila kitu alikipa bei, na jumla ikafika milioni 1.9. Yote aliyoyataja yalikuwepo kweli. Bei alizoyapa ndizo zilizozidi, na baadaye tutaona zilizidi kwa kiasi gani.

Mteja akasema atatoa milioni 8.8 taslimu, siku hiyohiyo. Bi A. aliposita, mteja akaongeza: “Mama, najua kuna kiwanja kinakusubiri. Mimi nakusaidia, pesa ninayo sasa hivi.”

Dalali akamvuta pembeni. “Mama, hii ndiyo pesa ya uhakika, soko limelala. Chukua nane na nusu, mimi nibaki na laki tatu, tumalize.”

Bi A. alikaribia kukubali. Aliyemzuia ni mdogo wake, aliyemwambia kwa simu, “Dada, waambie mzee hajatoa ruhusa, utawajibu kesho.” Mteja akaondoka akisema bei yake ni ya leo tu. Kesho yake asubuhi alipiga simu mwenyewe kuulizia.

## Maamuzi yaliyobadilisha mwelekeo

Jioni ile tulikaa na daftari. Swali la kwanza nililomuuliza halikuhusu gari: mwenye kiwanja ameombwa kusubiri? Hakuwa ameombwa. Bi A. alichukua mwisho wa mwezi kama ukuta.

Kununua muda. Alikopa milioni 1 kwenye kikoba chake, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa riba ya shilingi 50,000, akaipeleka kwa mwenye kiwanja kama sehemu ya awamu, akaomba wiki tatu kwa iliyobaki. Wakaandikiana na shahidi akasaini. Mwenye kiwanja hakuleta ugumu wowote, naye alitaka fedha yake na akaona imeanza kuja.

Kutafuta bei iliyouza. Bei ya tangazo ni maombi. Mdogo wake aliwatafuta watu waliokwisha kuuza IST namba D miezi ya karibuni, kupitia wafanyakazi wenzake na fundi wa familia, akawauliza walipokea ngapi mkononi. Majibu yalikuwa kati ya milioni 10.3 na 10.9, kwa magari ya hali inayofanana. Hapo tukaweka sakafu: milioni 10.2. Tukaiandika, na Bi A. akakubali kwamba chini ya hapo anaondoka mezani bila kueleza kwa nini. Bei ya kutangaza ikawa 11.6.

Kuchagua cha kutengeneza. Hili lilijadiliwa kwa muda mrefu, na nadhani ndipo kisa hiki kina la kuwafaa wauzaji wengi. Hatukutengeneza vyote. Taa ya injini ilipimwa kwa mashine kwa shilingi 30,000, ikaonekana ni sensa ya oksijeni, ikabadilishwa kwa 90,000. Shokapu za mbele, za mtumba kutoka Japani, zilinunuliwa kwa 180,000, na ufundi 30,000. Jumla 330,000. Tairi, rangi na kiyoyozi viliachwa.

Mlio wa shokapu zinazogonga na taa ya injini humtisha mnunuzi kuliko gharama yake, kwa kuwa hajui kilicho nyuma yake. Taa ileile inaweza kuwa sensa ya laki moja au injini ya mamilioni, na asiyejua huhesabu lililo baya zaidi. Tairi haina siri. Kila mtu anajua inauzwa ngapi, hivyo hata akiikatia bei hawezi kuzidisha sana. Ukiwa na fedha kidogo ya matengenezo, itumie kwenye kile mnunuzi atakachokisikia au kukiona kwenye dashibodi bila kujua chanzo chake, na risiti uitunze.

Kusafisha madeni. Namba ya gari iliangaliwa kwenye mfumo wa faini za barabarani na wa ushuru wa maegesho uliosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kulikuwa na faini moja ya 30,000 na deni la maegesho la 44,000. Vyote vikalipwa. Deni dogo kama hilo likigunduliwa na mnunuzi mwenyewe, humfanya ajiulize ni kitu gani kingine kimefichwa.

Kubadili malipo ya dalali. Dalali wa kwanza alishukuriwa na kupewa nauli yake. Wakachukuliwa madalali wawili wapya kwa masharti yaleyale: yule atakayemleta mnunuzi atapata 250,000, na asilimia 10 ya kila shilingi inayozidi milioni 10.5. Hakuna cha juu. Mazungumzo ya bei yatafanywa na Bi A. mwenyewe, uso kwa uso na mnunuzi. Mmoja alinung'unika, kisha akakubali. Sababu ya kuuza waliyopewa ilikuwa moja, nayo ya kweli: anataka kubadilisha matumizi ya fedha yake, hana haraka. Kwa wiki tatu alizopata, hakuwa nayo.

## Mteja wa pili

Kijana aliyetaka gari la biashara ya teksi za mtandaoni alitoa milioni 9.8, na akaahidi laki 9 zaidi kwa miezi mitatu. Kwa jumla ilikuwa 10.7, bei nzuri kwenye karatasi. Bi A. alikataa. Gari lingekuwa barabarani kutwa likiwa bado kwenye kadi yenye jina lake, na likipata ajali au faini, atakayetafutwa kwanza ni yeye. Naunga mkono uamuzi huo bila kusita. Anayetaka kulipwa kidogokidogo anaingia biashara nyingine kabisa, inayohitaji mkataba wake, bima kubwa na moyo wa kufuatilia.

## Mteja wa tatu

Alikuja mama mmoja na kaka yake, wakiletwa na mmoja wa madalali. Kabla hawajaligusa gari, Bi A. alisema: “Karibuni. Niwaeleze kabisa: tairi za nyuma zimekwisha, ubavu huu ulikwaruzwa ukapigwa rangi, na kiyoyozi kinataka gesi. Shokapu na sensa nimebadilisha mwezi huu, risiti hizi hapa.”

Yule kaka alikuwa amekuja na fundi. Fundi alikagua, akaendesha, akarudi akisema yaleyale yaliyokwisha kusemwa. Hakuwa na jipya la kuuza. Sikuwahi kuona fundi wa mnunuzi akinyamaza haraka hivyo. Waliomba pia kulipeleka gereji yao, Bi A. akakubali kwa sharti kwamba mdogo wake ataambatana nao na hatabanduka kwenye gari. Betri na vifaa vingine vidogo hubadilika kwa urahisi gari likiachwa peke yake.

Waliporudi, mazungumzo yakaenda hivi, kwa ufupi:

“Dada yangu, gari tumelipenda. Tisa na nusu.”

“Asante kwa kulipenda. Tisa na nusu hatutafika. Nimesema kumi na moja na laki sita.”

“Hebu sogea kidogo basi.”

“Kwa ajili ya tairi, kumi na moja na laki mbili.”

Kimya. Yule kaka akahesabu kwa simu. “Kumi.”

“Kumi na laki tisa.”

“Dada, kumi na laki nne, na tairi juu yangu.”

Bi A. alikunywa maji, hakusema kitu. Tulikuwa tumekubaliana kwamba kila anaposhuka, ashuke kwa kiasi kidogo kuliko mara iliyopita, ili mnunuzi asikie mwenyewe kwamba anakaribia chini. Alikuwa ameshuka laki nne, kisha laki tatu. “Kumi na laki saba. Hapo ndipo mwisho wangu, na tairi ni zenu.”

Wakatoka nje kushauriana. Wakarudi, wakashikana mikono kwa milioni 10.7.

Kukabaki jambo moja. Yule kaka aliomba mkataba uandikwe milioni 6, ili kupunguza ushuru wa stempu wanaolipa TRA, mamlaka ya mapato, wakati wa kuhamisha umiliki, ambao ni asilimia 1 ya bei. Hesabu yake: kwa bei halisi ni 107,000, kwa milioni 6 ni 60,000. Bi A. alikataa kwa heshima. Kwanza ni kudanganya mamlaka ya kodi, naye hataki jina lake liwe humo. Pili, alimgeukia yule mama: “Ikitokea tatizo ukadai fedha yako, karatasi itasema ulinipa milioni sita. Hiyo nne na laki saba utaidai kwa ushahidi gani?” Yule mama ndiye aliyemwambia kaka yake, “Andikeni bei yenyewe.”

## Arbuni, na kishawishi

Fedha yote haikuwepo siku hiyo. Walitoa arbuni ya 500,000 kwa maandishi: salio ndani ya siku tatu, mnunuzi akijitoa, arbuni inabaki kwa muuzaji, muuzaji akijitoa, anairudisha.

Siku ya pili, dalali mwingine akapiga simu. Ana mteja wa milioni 11, yuko tayari. Kurudisha arbuni kungemgharimu Bi A. aibu tu, na kungempa laki 3 zaidi kabla ya kumlipa dalali. Alisema hapana. “Nimeshashika mkono wa mtu,” alimwambia, na hakulijadili tena. Najua wapo watakaosema hiyo ni hasara. Mimi naona alifanya lililo sawa, na hata kwa hesabu kavu, mteja wa simu aliyekuwa bado hajaliona gari hakuwa amefika popote karibu na milioni 11.

## Malipo na makabidhiano

Siku ya tatu walikutana kwa wakili, wakasaini mkataba wenye namba za mlipakodi (TIN) na nakala za vitambulisho vya pande zote mbili, pamoja na mashahidi. Kisha wakaenda benki ya Bi A. Salio liliwekwa kaunta, naye akasubiri mpaka mhudumu amethibitisha kwamba limeonekana kwenye akaunti. Ujumbe wa simu wa muamala hakuutegemea, kwa kuwa huo hughushiwa. Baada ya hapo ndipo kadi na funguo vikatoka mkononi mwake. Kwenye hati ya makabidhiano waliandika tarehe na saa, ili faini au ajali ya baada ya hapo ijulikane ni ya nani. Taratibu za kuhamisha umiliki TRA zilianzishwa siku hiyohiyo, gharama zikiwa za mnunuzi kama walivyopatana.

## Matokeo kwa hesabu

Bei: 10,700,000. Dalali alipata 250,000 na 20,000 ya ziada, jumla 270,000. Matengenezo 330,000. Madeni ya gari 74,000. Riba ya kikoba 50,000. Bi A. alibaki na 9,976,000, dhidi ya 8,500,000 aliyokaribia kuipokea mwanzo. Tofauti ni karibu milioni 1.5.

Fundi wa kwanza alikadiria kasoro zote kwa milioni 1.9. Shokapu na taa ya injini, zilizobeba sehemu kubwa ya makadirio hayo, zilimalizwa kwa 330,000. Tairi, rangi na kiyoyozi zilimezwa ndani ya mazungumzo, na gari bado likauzwa katikati ya bei walizopokea wengine.

## Uchambuzi

Angalia tena ofa ya kwanza. Bi A. alimwambia dalali kwamba anahitaji milioni 8.5, na fedha aliyokaribia kupewa mkononi ilikuwa milioni 8.5 kamili. Shokapu, rangi na soko kulala vilikuja baadaye kuvika nguo bei iliyokwisha kuamuliwa. Siamini kwamba kasoro za gari ndizo zilizomshusha. Kilichomshusha ni kwamba upande wa pili ulijua shida yake, kiasi chake na tarehe yake. Mteja aliyejua habari za kiwanja hakuzipata kwingine.

Simlaumu dalali kwa ukali. Katika utaratibu wa cha juu, muuzaji anamwambia wazi: sakafu yangu ni hii, kilicho juu yake hakinihusu. Kuanzia hapo dalali hana sababu ya kuipandisha bei ya muuzaji, na akiona cha juu ni kidogo, njia rahisi ni kuishusha sakafu yenyewe, kama alivyofanya kutoka tisa hadi nane na nusu. Zaidi ya hayo, muuzaji hajui mnunuzi amesema ngapi. Malipo maalumu na asilimia juu ya kiwango yaliwaweka dalali na muuzaji upande mmoja, na kuzungumza uso kwa uso kuliondoa pazia.

Muda ndio uliofanya kazi kubwa kuliko vyote, nao uligharimu riba ya 50,000. Sakafu ya 10.2 isingekuwa na nguvu yoyote kama kiwanja kingepotea mwisho wa mwezi. Muuzaji mwenye shida ya kweli hawezi kuigiza utulivu kwa muda mrefu. Ni bora aipunguze shida kwanza, hata kwa sehemu, ndipo akae mezani. Si kila mtu ana kikoba, wala si kila mdai anakubali kusubiri. Lakini kuuliza ni bure, na Bi A. alikuwa karibu kuuza bila kuuliza.

Kutaja kasoro kwanza kulimnyima mnunuzi silaha, ila hakungefaa bila zile risiti. Kukiri tairi na rangi ndiko kulikowafanya waamini habari ya shokapu.

Kilichoshindikana ni mpangilio wa wateja. Madalali wawili walifanya kazi kila mmoja kwa ratiba yake, na mteja wa milioni 11 akafika wakati mkono umeshashikwa. Ningerudia zoezi hili leo, ningewaambia madalali wote wawili: gari litaonekana Jumamosi, kuanzia saa tatu asubuhi, na arbuni haipokelewi kabla ya saa tisa alasiri. Mnunuzi anayemwona mwenzake akilizunguka gari hapunguzi bei kwa nguvu ileile, na muuzaji huzipima ofa zote kabla hajajifunga kwa neno lake.